Grupu la kisukari: nani umsikilize, na swali gani usilipeleke huko

Niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp la wenye kisukari kabla sijameza kidonge cha kwanza. Shoga yangu wa Makorora alinipigia kunipa pole, na hata simu haijapoa nikaona nimeshaongezwa: watu zaidi ya mia mbili, wengi wa Tanga na Dar, wengine Mombasa, wachache Muscat, na kijana mmoja anayeishi Minnesota. Mpaka naichomeka simu chaji usiku ule, nilikuwa nimeshaambiwa ninywe maji ya bamia, nisithubutu kunywa maji ya bamia, niache wali maisha, nile wali wa basmati peke yake, na kwamba vidonge nilivyopewa kliniki vitanimaliza figo.

Msiniulize kwa nini sikumuuliza daktari. Nilimuuliza. Sukari yangu kabla ya kula ilikuwa 13.6, juu sana, foleni nyuma yangu inakaribia getini, akanieleza kwa upole alichoweza kunieleza, nikatoka na pakiti ya metfomini, vidonge vya kushusha sukari, na tarehe ya kurudi mwezi ujao. Maswali yenyewe yalinijia nikiwa ndani ya bajaji. Leo usiku nile nini? Nikisahau kidonge, kesho nimeze viwili? Watu wa nyumbani niwaambieje? Haya ndiyo yanayompeleka mtu kwenye grupu, na hayangoji mwezi ujao.

Nina miaka sasa humo ndani. Nimeliona likimwokoa mtu, nimeliona likimpoteza mtu, na wakati mwingine ushauri ulikuwa uleule mmoja. Haya nayaandika kwa ajili ya yule atakayeongezwa kesho.

Nianze na zuri. Metfomini ilinikimbiza chooni mpaka nikawa naogopa kupanda daladala, nikaazimia kuiacha. Nikaandika kwa aibu, usiku watu wamelala, kwamba tumbo linaniendesha. Nesi mmoja mstaafu, ambaye grupu zima linamwita Dada Nesi, akaniuliza naimeza saa ngapi. Kabla ya kula, nikamjibu. "Meza katikati ya chakula, mwanangu. Tumbo la wengi huzoea baada ya wiki chache. Likikataa kabisa mwambie daktari, kuna ile inayoyeyuka polepole." Basi. Nikafanya hivyo na tumbo likatulia. Angalia alichofanya: hakunipunguzia dozi wala hakuniongezea, alinifundisha namna ya kuimeza dozi ileile niliyoandikiwa. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyochuja maneno ya grupu. Jinsi ya kuishi na dawa, napokea kwa wenzangu. Dawa gani na kiasi gani, hata aje mtu na viapo, napeleka kliniki.

Lile la metfomini kula figo nimelijibu mpaka nimechoka. Kinachoharibu figo ni sukari yenyewe ikikaa juu kwa miaka, na presha ikiisaidia. Figo zikishadhoofika ndipo daktari anapoipunguza metfomini au kuiondoa, kwa kuwa mwili unashindwa kuitoa. Sasa mtu akiona jirani kaondolewa metfomini, halafu baada ya muda kaanza kusafishwa damu, anaunganisha mwenyewe hadithi. Anaileta grupuni kwa nia njema kabisa. Watu watatu wanaacha dawa.

Kuna mama wa Pangani aliyekuwa nyota wetu. Aliacha vidonge, akawa anakunywa maji ya bamia asubuhi na unga wa mlonge jioni, na kila siku alituma picha ya mashine yake: 6.2, 5.9, 6.0. Mashallah zikamiminika, maua, mioyo, watu wakaomba vipimo vya mchanganyiko, bamia ngapi, maji kiasi gani. Nami niliunukuu ujumbe ule. Kisha akanyamaza. Grupu lina watu zaidi ya mia mbili, mmoja akinyamaza nani atajua? Siku moja ukaja ujumbe kutoka namba yake, ameandika mwanawe wa kiume: mama amelazwa, mashine hospitalini iliandika "HI" tu, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma, na kidole cha mguu kimekatwa. Alipopata nafuu alirudi akatueleza kwa sauti yake. Alikuwa anapima alfajiri pekee, kabla hajala chochote, na zile namba za asubuhi alizochukia hakuzipiga picha. Kidonda cha mguu hakukisikia kwa sababu nyayo zilishakufa ganzi.

Kilichonikera zaidi kilikuja baadaye. Ujumbe wake wa bamia bado unazunguka. Umeshaletwa tena kwetu na mtu aliyeutoa grupu jingine, na picha ileile ya 5.9. Ule wa mwanawe haukuforwadiwa na mtu.

Kwa hiyo grupuni unasikia waliofika. Aliyeanguka njiani ama hana nguvu ya kuandika, ama anaona haya, ama hayupo. Mtu akikupa ushuhuda, muulize mambo matatu kabla hujakimbilia sokoni: ulianza lini, unapima saa ngapi, na kile kipimo cha damu cha kuonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, HbA1c, kilisomaje mara ya mwisho? Ukiona anakasirika badala ya kujibu, umeshapata jibu.

Baada ya mkasa ule tulikubaliana kila mtu aweke aina ya kisukari chake na dawa zake mbele ya jina. Mimi ni "Aina 2, vidonge". Mwingine "Aina 1, insulini, tangu utotoni". Lionekane dogo hivyo hivyo, limezuia maafa. Mwenye aina ya pili akiruka dawa siku moja mbili sukari itapanda, pengine asisikie kitu. Mwenye aina ya kwanza mwili wake karibu hautengenezi insulini kabisa. Akiacha kuchoma, siku chache zinatosha kumuua. Ushauri wa "pumzisha mwili na dawa" ukimfikia mzazi wa mtoto wa aina ya kwanza, aliyeutuma hatajua kamwe alichofanya.

Tulikubaliana pia kuandika kizio. Yule kijana wetu wa Minnesota aliandika asubuhi moja, "Alhamdulillah, leo nina 118," na kina mama wa Tanga wakaanza kumsomea dua. Marekani wanapima kwa miligramu, sisi kwa milimoli. Gawa kwa 18 unapata 6.6, sukari ya kumshukuru Mungu. Tulicheka wiki nzima, lakini kuna mashine za zawadi zinazotoka nje zimewekwa kwenye miligramu, na bibi wa watu anaona 95 anadhani anakufa. Soma maandishi madogo pembeni ya namba.

Sasa Ramadhani. Huo ndio mwezi ambao grupu huwaka moto, na maswali huanza hata mwezi haujaandama. Nifunge? Kutoboa kidole kunafunguza? Sindano ya insulini je? Hayo mawili ya mwisho masheikh wengi wameshayasema, havifunguzi, pima mchana bila wasiwasi. La kwanza ndilo gumu, kwa sababu kila mtu analijibu kwa mwili wake. "Mimi mwaka wa sita nafunga, sijawahi kuanguka," anaandika mmoja, na anasema kweli. Anatumia metfomini peke yake, na hiyo ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Anayemsoma anatumia glibenklamidi, kidonge kinacholazimisha kongosho kumwaga insulini umekula au hujala. Maneno yaleyale, mmoja anafika magharibi salama, mwingine anaanguka alasiri.

Niliona kwa macho yangu, kama kusoma simu ni kuona. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, nimeacha mbuzi ya nazi kidogo kupumzisha mikono. Ukaingia ujumbe wa dada mmoja wa Dar: "Nina 3.2. Jasho linanitoka mikono inatetemeka. Nifungue au nivumilie imebaki saa moja na nusu." Majibu yakaanza. Vumilia mpendwa, malipo yako kwa Allah. Lala kidogo. Jimwagie maji. Pima tena, mashine hizo hudanganya. Mmoja akatuma aya, mwingine akamjibu kwa aya. Bwana wa Muscat akatuma sauti anapiga kelele: "Fungua! Sukari vijiko vitatu kwenye maji, sasa hivi!" Mwenyewe kimya. Tiki za bluu tunaziona, anasoma, hajibu.

Bahati mwenzetu mmoja alijua mtaa wake, akampigia jirani. Walimkuta amekaa kibarazani, simu mkononi, anapandisha na kushusha majibu. Baadaye alituambia hakumbuki hata jibu moja. Sukari ikishuka, ubongo ndio wa kwanza kukosa chakula. Yule tuliyekuwa tunampa maoni ya kuchagua hakuwa na akili ya kuchagulia.

Usiku ule Dada Nesi alitusema kama watoto wa madrasa. Ukabandikwa ujumbe juu kabisa, upo hadi leo: ukipata chini ya 3.9 unafungua, haijalishi imebaki dakika ngapi; ukipita 16.6 unafungua pia. Huulizi grupu, unakunywa sukari kwanza kisha unampigia mtu aliye karibu nawe. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari, unasubiri dakika kumi na tano unapima tena. Namba hizo hazikutoka kichwani mwake, ndizo zilizomo kwenye miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani. Na Qurani imeshampa mgonjwa ruhusa, Sura ya Al-Baqara, aya ya 184. Anayetaka kubishana na hilo akabishane na mwenyewe Mola.

Ukitaka kufunga, nenda kliniki mwezi wa Rajabu. Madaktari wanataka wiki sita hadi nane kabla, na Shaabani ikishaingia hakuna muda wa kubadilisha dawa na kuona mwili unaitikiaje. Mimi nilikuwa nimeongezewa glibenklamidi wakati huo; daktari akaniwekea nyingine isiyonishusha sana na kunipangia upya ipi ya futari na ipi ya daku. Mpangilio wenyewe siuandiki hapa, maana nikiuandika kuna mtu ataumeza.

Mwaka mwingine alinikataza kabisa. Hilo liliniumiza kuliko siku niliyoambiwa nina kisukari. Wifi yangu aliniuliza mbele ya watoto, "Wifi wa watu, na wewe unakula mchana?" Nikawa nakula nimesimama nyuma ya mlango wa jiko. Niliposema grupuni, wanawake wakaanza kutuma sauti mmoja mmoja, nami pia sifungi, nami nalipa fidia, nami nala kwenye chumba cha kushonea. Hakuna kliniki itakayokupa kitu kama hicho, na sisemi kwa kuilaumu.

Futari nayo ina mitego yake: mihogo ya nazi, viazi vitamu, magimbi, kaimati, na tende anazokula mtu kwa sunna mpaka zinakuwa bakuli. Hapa grupu lilifanya kazi safi. Stripu, vile vijikaratasi vya kutilia damu kwenye mashine, ni ghali, hakuna anayeweza kupima kila chakula, kwa hiyo tukagawana. Kila mmoja achague chakula kimoja, apime kabla ya kula na saa mbili baada, atume picha ya sahani na namba zote mbili, nzuri na mbaya. Uji wa ulezi, ambao kila mtu huusifia kuwa ni wa wagonjwa wa sukari, ulinipandisha kutoka 7.1 hadi 14 na ushei, tena bila sukari ndani. Unga uliosagwa laini ukapikwa ukawa uji huingia mwilini haraka, uwe wa ulezi, mtama au mahindi. Ugali wa dona wa kiganja kimoja, na mboga ya kisamvu na samaki, ulinitendea wema kuliko bakuli la ulezi. Mwenzangu wa Mombasa alipata tofauti na mimi kwa sahani ileile, na hilo lenyewe lilitufundisha kutoigana.

Wauza dawa wataingia, jiandae. Wetu alijiita Dokta, akaahidi kumaliza kisukari kabisa, chupa moja shilingi elfu themanini na tano, na baadaye tukagundua mmoja wa maadmini alikuwa anakatiwa chake. Unga wake uliwashusha watu kweli, na kwa kasi. Mwenzetu mmoja alifika 2.8. Hapo ndipo watu wakashangilia, na hapo ndipo ilipaswa kuogopesha. Mwaka 2008 huko Singapore watu walilazwa kwa sukari kushuka vibaya baada ya kumeza dawa haramu, nyingi za nguvu za kiume. Zilipopimwa zikakutwa zimechanganywa na glibenklamidi, na wapo waliokufa. Mtishamba unaoshusha sukari kwa kasi ya kidonge, jiulize kama hauna kidonge ndani. Admini yule aliondolewa, na Dokta akafuatana naye. Kama grupu lako linauza chochote, jitoe; mimi nimejitoa mawili kwa sababu hiyo.

Jambo jingine: usiweke grupuni usichotaka mawifi wakijue. Binti mmoja alituma majibu yake yakiwa na jina, skrinishoti ikafika kwa watu wa mchumba kabla hajapata nafasi ya kuwaambia mwenyewe. Kata jina. Kata namba ya faili.

Yale mazuri unayoyaokota grupuni, ya kliniki yapeleke kliniki, ila chunga mdomo. Nilijaribu kusema "grupu limesema" nikaona daktari anakunja uso, "Haya, WhatsApp imekuwa profesa." Sasa naenda na karatasi yenye maswali matatu, siyo kumi, na kijidaftari cha namba zangu. Mzee mmoja kwetu alikuwa na ganzi ya miguu na miaka mingi ya metfomini. Bwana wa Muscat akamuuliza kama amewahi kupimwa vitamini B12, maana metfomini ya muda mrefu huweza kuipunguza kwa baadhi ya watu. Mzee akaandika swali hilo, daktari akasema ni swali zuri, akampima, ikakutwa ipo chini, akaanzishiwa matibabu. Grupu lilileta swali, daktari akaleta jibu.

Kwa ununuzi wa stripu, hapo hakuna anayetufikia. Boksi la hamsini peke yangu nilikuwa nanunua kwa zaidi ya elfu thelathini na tano, na mwezi ukiwa mbaya niliacha kupima. Sasa tunachanga, mtu wetu wa Dar ananunua kwa jumla anatupakilia kwenye basi, tunapata kwa nafuu. Zikifika tunakagua tarehe ya kuisha na muhuri wa kopo, na kopo halikai wazi, unyevu wa pwani yetu huziharibu haraka. Oda inafungwa tarehe 25 ya kila mwezi. Andika jina la mashine yako kama lilivyo kwenye kifuniko: mwezi uliopita mtu aliandika "ile nyeupe", na tumebaki na maboksi matatu yasiyoingia kwenye mashine ya mtu yeyote.